Sura ya Sita: Maganda Kwenye Kopo la Kahawa

Inspekta Tiringo Bezabih alilimimina kopo juu ya gazeti. Maganda ya kapsuli yakatawanyika mezani, nusu meupe nusu buluu, mepesi kiasi kwamba Sajini Dagne alipokohoa, mengine yaliruka mpaka sakafuni.

"Usikohoe kwenye kielelezo," alisema Tiringo.

"Si kikohozi, bosi, ni kiungulia. Kinapanda mpaka hapa." Dagne alijigusa koo, akainama kuyaokota maganda. "Mke wangu anasema ni mchuzi wa shiro na pilipili yake. Mimi nimemwambia ni kufanya kazi na wewe."

Debre Markos ni mji wa matumbo mabovu. Ukitaja kiungulia chako kwenye foleni ya maji, utaondoka na dawa nyingi kuliko maji: huyu atakutuma ukasage mbegu za kitani, yule atakuambia uache kahawa huku ameshika kikombe chake mkononi, na wa tatu atakupa kidonge alichobakiza mwaka juzi. Wote wanakuombea mema. Tiringo alikuwa amezaliwa humo humo na alishaacha kushangaa.

Aliyageuza maganda kwa ncha ya kalamu. Hakuna lililochanwa. Kila moja lilikuwa limevutwa pande mbili taratibu, likaachana, likamwagwa kilichomo. Yote yalikuwa matupu.

Kopo hili lililetwa jana yake na Simegn, ambaye mji mzima ulimwita Etye, dada, kwa heshima, naye ni dada mkubwa wa marehemu Ato Kebret, mwenye mashine ya kusaga pilipili karibu na soko. Ato Kebret alifariki katikati ya mfungo mkuu wa Pasaka, akitapika damu mikononi mwa mkewe, Banchi, msichana aliyekuwa mdogo kwake kwa mbali. Mazishi hayajapoa, Etye Simegn akafika kituoni na kusema kwamba yule mwanamke alimtilia kaka yake sumu kwenye telba, kinywaji cha mbegu za kitani alichomkorogea kila siku. Maabara ya jimbo ikapima kikombe na kinu, ikasema hamna sumu. Tiringo alikuwa anajiandaa kumwachia Banchi ndipo wifi mtu akaingia na kopo, alilolitoa nyuma ya mtungi wa unga jikoni mwa Banchi.

Mwendesha mashtaka alifurahi kama aliyeokota pochi. Alisema sumu haihitajiki. Mwanamke kafungua kapsuli za vidonda vya tumbo, kamwaga dawa, kamwachia mume ugonjwa ummalize, kisha mashine ya pilipili ibaki kwake. Saa nane mchana angesoma shtaka la mauaji mahakamani. Baada ya hapo hakuna dhamana, na Banchi alikuwa na mtoto mchanga anayenyonya, ambaye tayari alikuwa amelala mahabusu na mama yake kwenye godoro la polisi.

"Unaonaje?" aliuliza Dagne.

"Naona mtu aliyetaka kuua angeyatupa."

"Labda ni mjinga."

"Labda. Mlete."

Banchi aliingia na mtoto kifuani. Alikuwa msichana wa mlimani, mwenye alama ya msalaba iliyochanjwa kwenye paji la uso, na alikaa pembeni kabisa mwa kiti kama mgeni ambaye hajaambiwa akae. Aliyaangalia maganda, akayatambua, wala hakujaribu kuficha.

"Nani aliyeyafungua?" aliuliza Tiringo.

"Mimi."

Dagne aliacha kuandika.

"Kwa amri ya nani?"

"Yake mwenyewe, mume wangu Gashe Kebret. Alisoma kwenye boksi lake. Alisema ganda hili ni ngozi na mifupa ya ng'ombe iliyochemshwa. Mfungo mzima maziwa hatugusi, siagi hatugusi, halafu yeye ameze ng'ombe kila siku? Akasema, Banchi, nifungulie."

"Si angemuuliza padri wake wa maungamo? Mgonjwa ameruhusiwa dawa. Ameruhusiwa hata kula."

"Ndiyo maana hakumuuliza. Angeambiwa amesamehewa, na yeye hakutaka kusamehewa."

Tiringo alilielewa jibu hilo. Alikuwa na baba wa namna hiyo hiyo.

"Na dawa ya ndani ulimwaga wapi?"

"Nimwage?" Kwa mara ya kwanza sauti ya Banchi ilipanda. "Sikumwaga hata punje moja! Zile ni punje, Inspekta, ndogo kama mbegu za tefu. Nikizitia kwenye telba zinaelea, zinamkwama kwenye meno, anazitema. Nikaona zitapotea bure. Nikawa nazitwanga kinuni pamoja na kitani mpaka zinakuwa unga laini. Saa tisa akitoka kanisani, kabla hajaonja chakula, anakunywa kikombe kizima."

"Kwa nini hukuyatupa maganda?"

"Nitupe wapi? Ua ni mmoja na Etye Simegn, na taka zangu anazipekua. Nilijaribu kuchoma mawili, yakanuka kama nywele zinazoungua. Katikati ya mfungo, harufu ya kitu cha mnyama jikoni kwangu! Nikasema Pasaka ipite kwanza."

Dagne alitaka kucheka, akajizuia.

"Alikuwa anatumia dawa nyingine yoyote?" aliuliza Tiringo.

"Hapana."

Jibu lilitoka haraka mno. Banchi akamhamishia mtoto titi la pili, ingawa hakuwa amemaliza la kwanza, na mtoto akalalamika.

"Hata ya maumivu ya kawaida? Kichwa, mgongo?"

"Nimesema hapana."

Tiringo alimtazama akimtuliza mtoto. Mwanamke huyu alikuwa amekubali kosa ambalo lingemfunga bila kulazimishwa, halafu akadanganya kwenye swali dogo. Watu kwa kawaida hufanya kinyume chake.

Duka la dawa la Meklit lilitazamana na lango la kanisa. Meklit, mfamasia mwenye miwani mikubwa na maneno makali, alimwuzia Ato Kebret omeprazoli, zile kapsuli za vidonda vya tumbo, kwa muda mrefu. Tiringo alipomwomba amwonyeshe moja, aliivuta kapsuli, akamwaga punje kwenye kiganja.

"Unaziona? Kila moja imevaa koti. Dawa hii inazuia tumbo lisitengeneze asidi nyingi, lakini yenyewe ikikutana na asidi inakufa. Koti ndilo linaloivusha tumboni mpaka ifike kwenye utumbo, huko ndiko inakoingia kwenye damu."

"Kwa hiyo ganda likifunguliwa?"

"Si kitu. Wazee wasioweza kumeza nawafungulia mwenyewe. Wameze punje zikiwa nzima, basi."

"Na zikitwangwa?"

Meklit alimtazama juu ya miwani. "Nani kazitwanga?"

"Jibu kwanza."

"Zikitwangwa umelivua koti. Hapo mgonjwa anakunywa unga tu. Atapata nafuu ya telba, na ya imani yake."

Tiringo hakuipenda safari yake tena. Alikuja kumtafutia yule msichana njia ya kutoka, sasa alikuwa amemkuta na mchi mkononi. Mwendesha mashtaka angeshukuru sana.

"Ingeweza kumuua? Kukosa dawa hiyo tu kwa muda wa mfungo?"

"Kebret? Alikuwa na kidonda kile tangu mimi ninasoma chuo. Bila dawa angeungua, angelala ameketi, angekuja hapa kunigombeza kwamba namwuzia feki. Lakini kutapika damu mpaka kufa, ghafla hivyo..." Alitikisa kichwa. "Daktari amesema nini?"

Tiringo alitoa ripoti ya uchunguzi wa maiti, akamsomea. Kidonda kimoja cha zamani karibu na mlango wa utumbo. Halafu vidonda vingine vingi, vidogo, vibichi, vimetapakaa tumbo zima, kimojawapo kimekata mshipa.

"Rudia hapo kwenye vingi."

Alirudia.

"Kile kimoja cha zamani ni cha bakteria, nakijua," alisema Meklit polepole. "Hivi vingi na vibichi si vyake. Hii ni kazi ya dawa ya maumivu. Diklofenaki au jamaa zake. Zinalinyima tumbo ute wake, linabaki uchi. Mtu hajala tangu jana jioni, asidi imejaa, na dawa ya kuizuia imeshauawa kwenye kinu. Vitatu kwa pamoja, Inspekta. Hata wewe ungekufa."

"Ulimwuzia?"

"Mimi? Ningemfukuza na fimbo!"

"Mtu mwingine wa nyumba ile?"

Meklit alielekeza kidole nje, kwenye lango la kanisa, ambako wazee na akina mama walikuwa wakiingia na shuka zao nyeupe. "Nusu ya wale wananunua vile vidonge vya maumivu vya rangi ya waridi. Wiki hizi za mfungo wanasujudu mpaka paji la uso linaota sugu. Wanaomba vidonge vya magoti, nawauliza kama wana tumbo, wanasema hawana. Wote hawana. Kisha wanarudi kununua cha tumbo, wanasema ni cha jirani."

Njiani kwenda kwa marehemu, Tiringo alikuwa akimwaza yule mzee. Mwaka uliopita aliwahi kumwona mwenyewe kanisani, ameegemea fimbo yake ya sala wakati wenzake wanashuka chini na kupanda; mwaka huu watu walisema anasujudu nao. Mtu wa umri ule hapati magoti mapya.

Etye Simegn alimpokea uani akiwa amekunja uso, akamfungulia chumba cha kaka yake bila kuombwa. Picha ya Bikira Maria ilikuwa ukutani, na chini yake kulikuwa na zulia lililolika sehemu mbili, za magoti, na ya tatu juu kidogo, ya paji la uso.

"Umeshamfikisha mahakamani?"

"Saa nane, Etye. Nilitaka kuuliza habari za sala zake."

"Uliza habari za yule mwanamke! Siku anaingia humu nilimwambia kaka yangu, huyu ameolewa na mashine, si wewe. Akanicheka. Unaona sasa anavyocheka?"

"Mwaka jana alikuwa hasujudu."

Uso wa mama yule ulilegea. "Hakuwa anaweza. Alikuwa analia, mwanangu. Mwanaume mzima, anakaa kwenye kigoda anatazama zulia, anasema Mungu atanihesabu na wavivu. Mwaka huu ndiyo alisujudu kama kijana wa seminari. Watu wakawa wananiuliza, Simegn, kaka yako amefanya nini?"

"Alifanya nini?"

"Alisali."

Tiringo alijikanda kipaji cha uso. Naye alikuwa amefunga, jua lilikuwa kali, na kichwa kilimgonga tangu asubuhi. Hakufanya hivyo kwa hila. Baadaye, Dagne alipomsifu kwa mtego mzuri, alimwambia anyamaze.

"Kichwa?" alisema Etye Simegn. Ukali wote ulimtoka, akabaki mama mtu mzima aliyemwona mtoto wa mwenzake anaumwa. "Mnajifanya askari halafu hamjitunzi. Njoo hapa."

Alishika ncha ya netela, shuka lake jeupe la kujitanda, mahali ambapo wanawake wa mji ule hufunga sarafu, ufunguo na vitu vyao vya thamani, akafungua fundo kwa meno. Ndani mlikuwa na ufunguo mmoja na karatasi ya vidonge vya waridi, vichache vikiwa vimebaki.

"Meza hiki. Ni cha kila maumivu. Na usiogope, ni kidonge, si kapsuli, hakina ngozi ya ng'ombe. Meza kikavu hivyo hivyo, maji yatakuharibia mfungo."

Tiringo alikipokea. Alikishika kiganjani na kukitazama kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kutazama kidonge.

"Etye, ni wewe uliyempa Ato Kebret hivi?"

"Nani mwingine? Yule mwanamke anajua nini kuhusu magoti ya mtu? Kila asubuhi kabla ya sala nilimletea mwenyewe. Viwili. Siku za kusujudu sana, vitatu. Angalia alivyopona!"

"Mbona hukutuambia?"

"Mliniuliza sumu. Sumu na dawa ni kitu kimoja?"

Kweli hawakumwuliza. Tiringo aliketi kwenye kigoda, kile kile huenda, akatafuta njia nyepesi ya kusema, asiipate. Akasema kama alivyoambiwa na Meklit, neno kwa neno: tumbo lisilo na chakula, ute unaoondoka, vidonda vibichi, mshipa. Etye Simegn alisikiliza huku akifunga tena fundo la netela. Fundo likamkatalia.

"Kaka yangu alikuwa anaumwa tumbo," alisema mwishoni. "Hiki ni cha magoti. Tumbo na goti vinajuana wapi?"

"Vinajuana, Etye."

"Alikuwa ananiambia linamwuma zaidi mwaka huu. Nikamwambia ni telba ya mkewe, hajui kuikoroga." Alilivuta fundo. Kisha akasema kwa sauti nyembamba ambayo Tiringo hakuwahi kuisikia kwake, "Nikamwongezea kimoja. Ili asahau tumbo."

Tiringo alitamani kumshika mkono. Alikuwa amemkasirikia mama huyu tangu kesi ianze, sasa hasira ilikuwa imemwacha mikono mitupu. Hakukuwa na muuaji wa kumkamata. Kulikuwa na mke aliyetwanga dawa isipotee, dada aliyefunga dawa kwenye nguo yake, na mzee aliyemficha dada habari za kinu na padri habari za maganda. Kama wanawake hao wawili wangekuwa wanasalimiana, mmoja angemwambia mwenzake hata kwa ugomvi.

"Twende kituoni," alisema.

"Unanifunga?"

"Nataka useme mbele yake."

Banchi alipotolewa mahabusu na kumwona wifi yake ameketi ofisini, alirudi hatua moja nyuma na kumkumbatia mtoto. Dagne alimsogezea kiti. Karatasi ya vidonge vya waridi ilikuwa mezani, kando ya maganda. Banchi aliiona, akafumba macho.

"Ulijua anampa," alisema Tiringo.

Banchi aliuvuta mguu wa mtoto chini ya shuka.

"Banchi, daktari amejua, Meklit amejua, na yeye mwenyewe amekiri. Ulijua?"

"Nilimwona kila asubuhi. Kupitia dirishani."

"Na ulijua vinamdhuru?"

"Sikujua. Nilihisi tu. Siku za vitatu alikuwa anajikunja zaidi. Nilimwambia aviache, akasema nisimwonee wivu dada yake." Alifungua macho, akamtazama Tiringo, si wifi yake. "Alipokufa ndipo nikajua."

"Nikakuuliza asubuhi, ukaniambia hakuna dawa nyingine. Neno moja tu ungesema, ungetoka. Huyu ndiye aliyekuleta hapa. Huyu ndiye aliyeleta kopo. Ulikuwa unamlinda kwa nini?"

Banchi alimwinua mtoto begani na kumpigapiga mgongo. Alipojibu, alijibu kwa sauti ya mtu anayeeleza jambo la jikoni.

"Mimi ndugu zangu walikwisha wote. Nikifungwa, mtoto huyu atabaki na nani? Na shangazi yake. Ananichukia mimi, yeye hamchukii. Usiku alikuwa anakuja kumfunika akidhani nimelala. Sasa nikimtaja na yeye, nikasema ndiye aliyempa, mtatuchukua wote wawili. Atabaki na nani?"

Dagne alijishughulisha na kalamu yake. Nje mtu alikuwa akigombana na mlinzi kuhusu baiskeli.

Etye Simegn alimtazama mtoto. Machozi yalimtoka bila uso wake kubadilika, na hakuyafuta. Kisha akanyoosha mikono yote miwili juu ya meza, juu ya maganda na vidonge, akaisimamisha hapo. Banchi alisita. Alimtazama Tiringo, kana kwamba ruhusa ilikuwa ya polisi kutoa, halafu akampa mtoto.

Ilikuwa inakaribia saa saba na nusu. Mwendesha mashtaka alishatuma ujumbe mara mbili.

"Nikitoa maelezo haya," Etye Simegn aliuliza, mdomo ukiwa kwenye nywele za mtoto, "ataachiwa leo?"

"Hakuna atakayeweza kumshitaki kwa mauaji. Nitayapeleka mahakamani mwenyewe. Leo hii."

"Na mimi?"

Tiringo angeweza kumdanganya, na moyo wake ulimsukuma amdanganye. "Sidhani kuna hakimu atakayeyaita mauaji. Lakini sijui, Etye. Kuanzia hapo si mimi ninayeamua."

Mama yule aliitikia kwa kichwa. Alisimama, akazunguka meza, akamrudishia Banchi mtoto na kumvutia vizuri shuka lililokuwa limemteleza begani. Kisha akarudi kwenye kiti, akamgeukia Dagne.

"Basi andika upesi, mwanangu. Mtoto asilale humu tena."

Dagne akageuza ukurasa. Etye Simegn akataja jina lake, na la baba yake, akaanza kueleza habari za magoti.